Tanki Lililojaa Kwenye Kompyuta

Mama alitoa kipande cha kibanja chake, shamba la nyumbani kule Kagoma, kwa sababu nilimwomba mimi. Si kijiji wala mabwana wa mradi waliokuja na buti zao. Ni mimi, mwanawe, niliyekuwa nimepata kazi kwenye ofisi ya mradi wa maji Bukoba mjini na kujiona nimeshakuwa mtu. Migomba ikakatwa, mibuni ya baba ikang'olewa, tanki likasimama karibu kabisa na makaburi yetu. Mama alitaka kitu kimoja tu: asishuke tena bondeni kuchota maji, maana goti lilikuwa limemshinda.

Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta. Pampu za kule ziwani zilitengenezwa na kampuni moja, vipimo vya matanki na nyingine, programu ya ofisini na nyingine tena. Zamani vifaa vya namna hiyo havikuelewana hata kidogo. Siku hizi kuna utaratibu mmoja uliokubaliwa duniani, na kila kifaa kinatuma taarifa kwa mpangilio uleule: namba, saa ilipopimwa, na alama ya kusema kama namba hiyo ni ya kuaminika. Hiyo alama ndiyo niliyoipenda. Waya ukikatika, kompyuta inabaki na namba ya mwisho, lakini inaigeuza kuwa nyekundu ili usidanganyike.

Uzinduzi ulipokaribia, kioo cha kompyuta kilikuwa na wekundu hapa na pale. Sisi tuna ugonjwa wetu: mgeni rasmi akija, hata mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Meneja akamwagiza fundi aliyefunga mfumo aondoe rangi nyekundu. Nilimwambia shida iko kwenye nyaya, si kwenye rangi. Akanijibu kuwa mgeni anakuja kuona maji, haji kuona matatizo. Fundi akazificha alama zote, namba zikabaki nyeupe, safi, na mgeni rasmi akapiga makofi. Sherehe ikaisha, watu wakala pilau, na hakuna aliyezirudisha. Kila nilipouliza niliambiwa nisubiri bajeti.

Maji yalitoka Kagoma kwa muda mfupi, kisha mama akaanza kunipigia simu kwamba bomba limekauka. Nikitazama kioo, tanki la Kagoma limejaa. Nikamweleza meneja kwamba namba hiyo imeganda, haipandi wala haishuki, na tanki ambalo watu wanachota haliwezi kukaa hivyo. Akasema labda mama yangu hajui kufungua koki. Mama akaligonga tanki kwa mpini wa jembe, simu kaishika karibu ili nisikie. Lilikuwa tupu kama debe. Nikamsogezea meneja simu asikie mwenyewe. Akausukuma mkono wangu na kunionyesha kioo kwa kalamu.

Ubaya zaidi, pampu nazo zilifuata namba hiyohiyo. Zikiambiwa tanki limejaa, hazipandishi maji. Kwa hiyo mama akarudi bondeni na dumu lake, huku juu ya migomba yake limesimama tanki lililojaa maji ya kwenye kompyuta. Niliwachukia wote pale ofisini. Jioni nikirudi kwangu Kitendaguro, palepale mjini, nafungua bomba, maji yanatoka, naona aibu hata kunawa.

Majirani wa mama walipozidisha kelele, fundi akatumwa. Alikuta panya wamekula waya wa kipimo. Akauunga, na palepale namba ikaanguka kutoka kujaa hadi sifuri. Mimi nikashusha pumzi, nikadhani yamekwisha. Meneja akauangalia mchoro kwenye kioo, ule mstari ulioporomoka kama ukuta, akauliza maji yote hayo yamekwenda wapi kwa mara moja. Nikamweleza tena habari ya namba iliyoganda. Akasema mfumo ni wa kimataifa, wezi ni wa hapahapa.

Kesho yake tukapanda gari kwenda Kagoma, wilayani Muleba, kumhoji mwenye kibanja.

Tulimkuta mama anatua dumu, gauni limelowa mabegani. Kiswahili anakielewa vizuri, ila akikasirika hukikataa, na meneja hajui Kihaya, kwa hiyo nikasimama katikati yao. Meneja aliuliza nani alifungua tanki, maji yalipelekwa wapi, na yeye mama alishirikiana na nani. Nilitafsiri kila swali ingawa mama alikuwa ameshasikia. Yeye alikuwa akilikanda goti lake.

"Mwambie nimeyanywa yote," alisema mwisho, kwa Kihaya. "Peke yangu."

Nikatafsiri neno kwa neno. Meneja hakucheka. Alinivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama mama yuko tayari kuyarudia maneno hayo mbele ya mashahidi.