Lalamiko la Nyumba Tisa

Mimi ni mtu wa mdomo. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari hapa Uasin Gishu mpaka nikastaafu, na hakuna mwalimu mkuu aliyewahi kuninyamazisha kwenye mkutano wa walimu. Kwa hivyo meseji ya bei mpya ya wifi ilipoingia mara ya tatu, ploti nzima ilijua ni nani ataongea.

Tuko nyumba tisa hapa mtaa wa West Indies, na wote tunatumia kampuni moja ya intaneti kwa sababu landlodi ameruhusu waya mmoja tu kupita getini. Ukitaka mwingine, hama. Nyumbani kwa matajiri wa Elgon View, kampuni tatu zinabembeleza geti moja. Kwetu hakuna wa kubembeleza mtu. Kwa muda usiofika miaka miwili walikuwa wamepandisha bei kwa shilingi mia mbili, halafu mia tatu, na sasa mia tano, kila mara na sukari ileile: "Mpendwa mteja, ili kukuhudumia vyema zaidi." Vyema wapi, jamani? Mvua ikianza tu kugonga mabati, wifi imezima.

Mimi naihitaji kwa kazi. Nafundisha Kiswahili kwa video, watoto wa Wakenya walioko Uingereza, na hiyo ndiyo inaongezea pensheni yangu. Lakini aliyeumia zaidi alikuwa jirani yangu wa nyumba ya mwisho, mama kutoka upande wa Kakamega anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Ana mtoto mmoja, msichana, aliyeenda Saudia kufanya kazi za nyumba. Kila Jumamosi saa kumi alasiri msichana anapata nafasi, na wawili hao wanaonana kwa simu ya video. Bando za simu zinaisha kabla hawajamaliza kuulizana hali. Ndiyo maana Mama alijinyima mpaka akaweka wifi.

"Sauti inaweza kunidanganya, Mwalimu," aliniambia. "Lakini uso wa mtoto wangu, aa, hauwezi."

Akasema hiyo bei mpya ikianza, atakata. Hakuwa anatisha mtu. Alikuwa amefika mwisho.

Nilipandwa na hasira. Nikapekua droo mpaka nikapata mkataba, na ndani yake nikakuta kampuni imeahidi kwa maandishi yake yenyewe kwamba itamjulisha mteja siku thelathini kabla ya kubadilisha bei. Sisi tulipewa siku nne. Wee! Nilicheka peke yangu jikoni.

Tukafanya vile tunavyofanya kanisani na kwenye mikutano ya wazazi: barua moja, majina yote, sahihi zote, na mtu mmoja wa kuipeleka. Nikaipiga picha nikaituma kwenye ukurasa wao wa malalamiko. Ukurasa ulidai namba ya mteja, na nafasi ilikuwa ya namba moja tu, nikaweka yangu. Nani angefikiria zaidi? Jioni hiyo Mama aliniletea omena kwenye bakuli lililofunikwa kwa sahani. "Wewe ndio wakili wetu," alisema, na mimi nikavimba kichwa.

Siku tatu baadaye akanipigia msichana wa kastama kea, sauti laini kama ya mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

"Madam, tumeangalia akaunti yako. Tumekurudishia bei ya zamani kwa mwaka mzima."

"Na wenzangu?"

"Hapa naona akaunti moja tu. Ni yako."

"Barua ina majina tisa, binti yangu!"

"Naelewa, Madam. Ukikubali, nafunga lalamiko sasa hivi. Usipokubali, litabaki kwenye foleni na bei mpya itaanza kesho. Na tungeomba hii ofa ibaki kati yetu."

Nilikuwa na somo baada ya dakika kumi. Daftari lilikuwa wazi mezani, na bili ya stima ilikuwa chini ya daftari. Hizo ndizo sababu zangu, na nimezigeuza upande huu na huu, haziongezeki. Nilisema, "Sawa." Mimi, mwenye huu mdomo.

Majirani walipouliza, nikawaambia kampuni haijajibu.

Wiki hiyo Mama akakata, na fundi akaja akachomoa waya wake, akauzungusha kwenye mkono na kuondoka nao. Kuanzia hapo kila Jumamosi nilimsikia Mama akiwa kwenye kamba za nguo, kidole kimoja sikioni, akipiga kelele kwenye simu: "Uko mzima? Sema ukweli. Uko mzima kweli?" Halafu bando inakata. Kamba hizo ziko chini ya dirisha langu. Ningemwita tu aingie, wifi yangu iko, viti viko. Lakini angeniuliza mimi nalipa ngapi sasa. Nikavuta pazia.

Haki ya Mungu, sikupata raha tena katika nyumba yangu. Nilikuwa naosha vikombe visafi. Nilisogeza viti ukutani, nikavirudisha. Nilienda dukani kununua chumvi ilhali nina pakiti mbili, mradi tu nisipite karibu na nyumba ya mwisho. Omena ya Mama nilishindwa kuila, na kuitupa pia nilishindwa. Darasani mtoto mmoja wa Uingereza akaniuliza, "Mwalimu, kwa nini unatembea?" Hata sikuwa nimejua nimesimama.

Wiki ya sita nikapiga simu kampuni mwenyewe. Nikafoka. Kijana aliyepokea hakujali kufoka kwangu.

"Madam, hilo lalamiko lilifungwa kwa ridhaa yako. Kama kuna wengine, kila mmoja alalamike kwa akaunti yake. Hata waliokata wanaweza."

Dawa ilikuwa hiyo tu. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, na ningeuliza swali moja zaidi tu, wenzangu wafanyeje, ningeipata. Nikakaa nikaandika barua nane, kila moja na jina lake na namba yake ya mteja, na kile kifungu cha siku thelathini nikakipigia mstari. Nikawaita majirani kwangu mmoja mmoja watie sahihi, nikiwaambia kampuni inataka kila mtu alalamike peke yake. Wa mwisho kuja alikuwa Mama, Jumamosi, ametoka sokoni na leso ya kazi bado kiunoni.

Alitia sahihi polepole. Kisha akazichukua barua zote, akazipanga ukingo kwa ukingo vile anavyopanga noti zake, akahesabu.

"Ziko nane," alisema. "Yako iko wapi, Mwalimu?"

Ningeweza kusema bado naiandika. Ulimi ulikuwa umeshajiandaa. Nikamwambia. Nilimwambia yote, simu ya yule msichana wa kastama kea, bei ya zamani, na ile "sawa" yangu, huku nikiangalia meza.

Hakunitukana. Ingekuwa afadhali.

"Jumamosi tano," alisema. "Nikipigia kelele hapo nje. Na wewe uko hapa ndani."

"Nisamehe, Mama. Niliona aibu."

"Andika na yako."

Nikaiandika akiwa amesimama juu yangu. Niliomba kampuni iwape wenzangu bei yangu au inirudishe kwenye bei yao. Baadaye nyumba tano zilirudishiwa bei ya zamani, na yake ilikuwa mojawapo, ila siku hiyo hatukujua. Nilipomaliza aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika mbili.

"Hiyo wifi inafanya kazi?"

"Inafanya."

Akaketi kwenye kiti changu cha darasa, akanipa mgongo, akapiga. Msichana akatokea kwenye kioo cha simu, anatabasamu, kitambaa cheupe kichwani. Mama hakumjibu salamu. Aliisogeza simu karibu na macho, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

"Mbona umekonda hivi, mwanangu? Umeanza lini kukonda hivi?"

"Si leo, Mama," msichana alisema, akicheka kidogo. "Ni vile ulikuwa hunioni."