Taya la Kulungu wa Mwenyekiti

Ukimkuta Mama Taya amefunga aproni yake ya mpira, koleo mkononi na tochi ameibana kwa meno, usimsalimie. Subiri. Atakusalimia mwenyewe akishamaliza kuchungulia kinywa cha kulungu, na kama humjui utadhani mama wa watu kadondosha hereni mle ndani. Kazi yake ndiyo hiyo, kusoma umri wa wanyama kwa meno. Miaka ishirini na miwili alisimama kwenye meza ya bati ya chama cha wawindaji, na kila kulungu wa msimu alipita mbele yake kabla hajaingia kwenye sufuria ya mtu. Alikata taya la chini, akalimulika, akaandika lebo: tarehe, jina la mwindaji, umri. Mwindaji akatia sahihi, akaondoka na nyama yake.

Jina hilo la Mama Taya walimpa kwa dhihaka. Akalipokea. "Bora taya kuliko domo," aliwajibu, na wenye domo wakajijua.

Sasa, hii habari ya kuwaacha kulungu wadogo wakue, jamani, yeye mwenyewe ndiye aliyeianzisha. Miaka ya mwanzo meza ilikuwa inajaa vitoto vya mwaka mmoja, vingine bado vina meno ya utoto. Siku moja uvumilivu ukamwisha, akasimama mkutanoni na aproni yake ina damu. "Mnakula mbegu!" aliwaambia. "Mwacheni mnyama akue, azae, ndipo mumle. Au mnataka wajukuu zenu wawinde panya?" Wakacheka, wakapiga kura, wakakubali.

Lakini mmoja akauliza, "Mama, sasa kulungu yuko kule, mimi niko huku. Niende nikamfungue mdomo kwanza?"

Swali la haki. Akawaeleza: mtazame mwili. Mdogo ana miguu mirefu kama suruali ya kuazima, shingo nyembamba, tumbo limenyooka. Mkubwa shingo imejaa, tumbo limeshuka, mgongo umebonyea. Inataka ukae chini, utazame, utulie. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini nani ana kiuno cha kuinama siku hizi?

Hapo ndipo mwenyekiti alipoleta njia yake ya mkato. Mwenyekiti ana duka la vifaa vya ujenzi, na banda la chama, lenye ile meza ya bati, liko uani kwake. Akakata kijiti cha shibiri mbili, akakipaka rangi nyekundu, akakitundika ukutani. Pembe zikipungua kijiti, kulungu ni mdogo. Zikizidi, ni mkubwa. Kwisha habari. Ukimpiga mdogo, unanyang'anywa kibali cha kuwinda misimu mitatu.

"Pembe ni chakula, mwenyekiti, si umri," Mama Taya alimwambia. "Wa bondeni anashiba mashamba ya watu, pembe zinamtoka upesi. Wa mlimani anatafuna mawe, anazeeka na vijipembe vyake."

"Mama, watu wanataka kitu rahisi," mwenyekiti akasema. Basi kijiti kikatawala, misimu sita.

Mpaka asubuhi ile seremala alipoingia na kulungu wa mlimani begani. Seremala huyu ni shemeji yake Mama Taya, mdogo wa mumewe, baba wa watoto sita, na nyama wanayokula nyumbani kwake ni ile aliyoipiga mwenyewe. Mwenyekiti alikuwepo. Akachukua kijiti, akapima. Pembe zilipungua vidole vitatu.

"Mdogo," akasema.

Mama Taya alisogea na tochi yake. Alifungua kinywa, akamulika. Meno yalikuwa yamelika mpaka karibu na fizi, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Mzee kabisa. Akachukua kalamu, akaandika: miaka minane.

"Andika mdogo," mwenyekiti akasema.

"Siandiki."

"Unambeba shemeji yako."

Loo! Neno hilo lilimchoma. Kwa sababu ukweli ni kwamba yeye na shemeji yake hawakuwa wakipikika chungu kimoja tangu amtengenezee kabati. "Kabati langu linafungwa kwa kamba mpaka leo!" akafoka. "Huyu nimbebe kwa lipi? Kwa mlango usiofunga?"

"Shemeji, nilikwambia mbao zilikuwa mbichi," seremala akanong'ona.

"Wewe nyamaza, unatetewa!"

Mwenyekiti akatundika kijiti mahali pake, polepole. "Jumamosi kuna mkutano. Uje na lebo iliyoandikwa mdogo, au uje na ufunguo wa banda langu. Chagua."

Mama Taya alirudi nyumbani hasira zimechanganyika na woga, tusidanganyane. Meza ile alianza kuisimamia akiwa na mtoto mgongoni. Kuiacha ilikuwa kama kuhama nyumba. Lakini kuandika uongo kwa mkono wake, thubutu!

Ipo desturi moja ya chama hiki. Pembe nzuri hupigiliwa ukutani kwenye ukumbi, na kibao chini yake chenye maneno matamu. Mataya hutupwa shimoni. Mama Taya hakutupa hata moja. Aliyachemsha kwenye sufuria ya zamani, akayaanika, akayafunga na lebo zake kwenye maboksi ya viatu, na maboksi akayasukuma chini ya kitanda. Mumewe aliimba wimbo mmoja miaka yote: "Nimeoa mke au nimeoa makaburi?" Jioni ile mume yuleyule, baada ya kusikiliza habari yote, alipiga magoti akaingiza mkono mvunguni.

"Unataka ya mwaka gani?" akauliza.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa kiti cha mbele, na juu ya kichwa chake pembe zake maarufu, ndefu kuliko zote ukutani. Kibao chasema: Mzee wa Bonde, Miaka Tisa, na tarehe ya kuwindwa chini yake. Aliwaita mezani seremala na Mama Taya.

"Lebo iko wapi?"

Mama Taya aliweka mataya mawili mezani, lebo amezifunika kwa kitambaa. Akamgeukia katibu, mwalimu wa shule, mtu asiyependa kuonekana hajui. "Mwalimu, pitisha kidole kwenye meno. Yupi mzee?"

Mwalimu akapitisha. La kwanza laini. La pili akarudisha kidole haraka, maana meno yalikuwa makali kama msumeno mpya. "Mzee ni huyu laini," akasema. "Huyu mwingine ndiyo kwanza anaanza kula."

"Ahsante. Sasa soma lebo."

Katibu akafunua. Ya kwanza, seremala, miaka minane. Ya pili akaisoma, akasafisha miwani, akasoma tena kwa sauti. "Miaka miwili na nusu. Mwindaji... mwenyekiti." Na tarehe ilikuwa ileile ya kwenye kibao.

Ukumbi mzima ukainua macho kwenye zile pembe.

"Taya limebadilishwa!" mwenyekiti akapaza sauti.

"Na hii sahihi?" Mama Taya akauliza. "Ni yako au ya kulungu? Niliandika miaka miwili na nusu mbele yako. Ulitia sahihi bila kusoma kwa sababu ulikuwa unapigwa picha. Misimu sita mnawapiga watoto wa bondeni kwa sababu wana pembe, na mnawahukumu watu kwa kupiga wazee. Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwenyekiti, kwa binadamu mchungu!"

Kura zilipigwa, seremala akabaki na kibali chake. Mwenyekiti alingoja kelele zitulie, akanyoosha mkono. "Kibali ni cha mkutano. Banda ni langu. Ufunguo."

Watu wakaguna. Mama Taya alitoa ufunguo kwenye pindo la leso yake, akauweka kiganjani mwake. "Chukua banda. Mataya ni yangu." Akabeba maboksi yake, na machozi aliyafuta nje, ambako hakuna aliyemwona ila mumewe.

Msimu mpya ulipofunguliwa, bandani alisimama mpwa wa mwenyekiti na kijiti chekundu. Nyuma ya nyumba ya Mama Taya kulikuwa na meza mpya ya mbao, kazi ya shemeji, mguu mmoja mfupi umewekewa kadibodi. Siku ya kwanza walikuja wawindaji watatu, na mataya ndani ya mifuko. Ya pili, kumi na mmoja. Wiki ya tatu foleni ilifika kwenye pipa la maji, na kwenye pipa la maji alisimama mwenyekiti, mfuko mkononi, anatazama viatu vyake.

Mama Taya hakumwita mbele. Mwenyekiti akangoja zamu yake kama wengine. Mama Taya akafungua mfuko, akabana tochi kwa meno, akapitisha kidole. Makali.

"Pembe zake zimezidi kijiti," mwenyekiti akasema kwa sauti ya chini. "Lakini shingo... sikuwa na uhakika na shingo."

"Mdogo huyu. Ungemwacha akue." Akaandika umri, akamsogezea lebo na kalamu.

Mwenyekiti akainama kutia sahihi. Mama Taya akaiziba lebo kwa kiganja.

"Soma kwanza."