Ami Yangu na Wakinzani wa Ufaransa

Sijamuona mtu aliyewapenda wahafidhina wa Kifaransa kama ami yangu, na mimi ndiye niliyemjuulisha nao.

Tulikuwa Maskati, baada ya kutoka Unguja mwaka wa mapinduzi. Mimi nilikuwa nimebakisha kidogo tu nifanye mtihani wa kumaliza sekondari, na Maskati siku zile skuli ya wasichana haikuwapo. Nikaapa: mtihani huu nitaufanya, hata kama kichwa kimejaa mvi. Nikaomba vitabu kwa jamaa walioko nje, na kila alasiri, nikishatoka jikoni, nakaa barazani kwetu ndani nasoma kwa sauti. Ami, ndugu wa marehemu baba yangu na ndiye aliyenilea, anajifanya hasikii.

Siku moja, katika kitabu cha historia, nikafika kwa Wafaransa waliomfukuza mfalme wao, wakamtawaza mwengine na kumwapisha kwamba atafuata katiba. Mara waliomtawaza wakagawika. Kuna waliosema huu ni mwanzo tu, twende mbele, watu wengi zaidi wapige kura. Na kuna wenzao, wakinzani, waliosema tumeshafika, mabadiliko yanatosha, kura ibaki kwa wenye mali.

"Hao ndio watu!" Ami akadakia. "Wana akili hao! Wengine wote wazushi."

"Ami, lakini watu walikuwa wanaomba tu."

"Wanaomba leo kura, kesho wataomba taji. Weye mtoto hujui. Sisi tumeyaona kwa macho yetu."

Na kweli tuliyaona, Unguja. Lakini toka siku ile hakupitisha alasiri bila ya kuniuliza, "Enhe, jamaa zangu wamefikia wapi?" Nikamsomea mpaka mwisho: wakinzani walikataa kila walichoombwa, wakazuia hata watu kualikana karamu za kuzungumza siasa, mpaka watu wakamwagika njiani, na mfalme na chama chake wakaangukia mbali. Ami akanuna siku nzima. Alisema kitabu kimeandikwa na maadui zao.

Basi ikaja khabari kwamba nimekubaliwa kufanya mtihani, Bahrein. Nilifurahi nikalia. Nikamwendea Ami, kwani bila yeye kuniombea ruhusa ya kutoka nchini na kunipeleka, nisingeweza kuvuka hata lango la mji.

"Kusoma umesoma," akasema. "Inatosha."

Lahaula! Alikuwa ananiambia yale yale ya jamaa zake! Nikajikaza kisabuni, nikaenda kutafuta njia.

Ami alikuwa na jambo moja. Kiarabu chake kilikuwa cha Unguja, na majirani wakimcheka chini chini, wakimwita Mswahili. Kwa hivyo ada za Oman alizishika kuliko wenyewe waliozaliwa nazo. Na ada moja ya wanaume ni hii: mtu akija kwako na haja kubwa, ukimpa kahawa huiweka chini mbele yake, hainywi mpaka umkubalie. Na kumwacha mgeni aondoke na kahawa yake haikunywewa ni aibu ya nyumba.

Siku ya pili, wakati wa kahawa yetu ya alasiri, alinimiminia kama kawaida. Nikaipokea finjani. Nikaiweka chini kwenye mkeka, mbele yangu, nikakunja mikono.

Akaitazama finjani, akanitazama mimi. "Nini tena hii?"

"Nna haja, Ami."

"Ala! Hii ada ya wageni. Na ya wanaume!"

"Mimi huku ni mgeni toka siku niliyoshuka melini. Na wewe pia, Ami."

Nilidhani atanipiga kofi. Uso ulimbadilika, lakini mkono sikuunyoosha kuichukua finjani. Kahawa ikapoa. Alisimama, akatoka mpaka mlangoni, akarudi, akakaa. Mwadhini akaadhini magharibi. Ami hakwenda msikitini. Sijapata kumuona akiikosa sala ya jamaa kwa sababu ya mtu.

"Wangelikupa hao Wafaransa wangu?" akauliza mwisho, kwa sauti ndogo.

"Wasingenipa."

Akavuta pumzi. "Kunywa. Nitakupeleka mwenyewe."

Nikaichukua finjani, nikainywa ile kahawa baridi yote, chungu, machozi yananitoka. Ami akanisubiri nimalize.

"Na ukifaulu?" akaniuliza.

"Nikifaulu, Ami, nitakuja kuomba chuo kikuu."