Kaburi la Babu Nililoliokota Bombei

Mimi ni muongo. Naanza na hilo ili msinihurumie mapema. Tena uongo wenyewe si wa kusema nimeshiba na hali nina njaa. Nimemdanganya mama yangu kuhusu kaburi la baba yake, na ukoo mzima ukala wali juu yake!

Nakaa Nizwa, huku nchi ya Waarabu, nasomesha. Mama yupo Ibra, kapita themanini, na Kiswahili chake bado ni kile cha Unguja cha zamani. Ukikosea neno anakusahihisha mpaka unakoma. Baba yake alikuwa mfanyabiashara Unguja. Alikwenda Bombei kununua vitambaa, mama angali mdogo wa kubebwa, homa ikamchukua hukohuko. Barua iliyokuja ilisema tu kazikwa nyuma ya kiwanda cha pamba. Bas.

Mwaka jana mume wangu akaenda Bombei kupasuliwa goti, nami nikafuatana naye. Mama akanishika mkono.

"Mwanangu, nitafutie kaburi la baba. Nipigie picha. Nataka nilione tu."

"Inshallah, mama."

Siku kumi na mbili nilizokaa kule, kaburi sikulitafuta. Nilitafuta hariri! Mume wangu kalala hospitali mguu juu, mimi maduka yote ya vitambaa wananijua kwa jina.

Siku ya mwisho, asubuhi, mama akapiga simu. "Umeshamwona baba?"

"Ndiyo nipo njiani, mama." Nilikuwa dukani, nimetupia kitambaa begani, najitazama kiooni. Astaghfirullah!

Aibu ikanishika. Nikachukua teksi, nikamwambia dereva anipeleke makaburi ya zamani, nyuma ya kiwanda cha pamba. Akanishusha mbele ya geti la chuma lenye nyota ya pembe sita. Nyota niliiona, wasomaji. Nikajifanya sikuiona.

Ndani majani yamefika magotini, mawe marefu yamesimama safu kwa safu, mengine yameinama. Nje mji mzima unapiga honi, humo kunguru tu. Bawabu, mzee wa kofia, akanitolea salamu. Kihindi changu ni cha sinema, lakini kwa bahati mbaya nilimfahamu vizuri sana.

"Bibi, haya ni ya Mayahudi. Watu wao wengi wamehama, wanakuja mara mojamoja. Yetu sisi Waislamu yako mbele, ukifuata reli. Twende nikuoneshe."

Jua lile! Miguu imevimba, mifuko mikono miwili, na ndege yetu ni jioni. Nikaona kaburi moja zuri, jiwe jeupe, maandishi yamekula chumvi ya miaka. Nikajisemea, Ibra nani atayasoma haya? Juu yake palipangwa vijiwe vidogo. Nikaona vinaniharibia picha, nikavipangusa kwa mkono.

Yule mzee akapiga kelele. "Usiviguse! Mjukuu wake kaviweka kumkumbuka, kasafiri kutoka mbali!"

Nilikuwa nimeshapiga picha. Nikatoka sikutazama nyuma.

Nikaituma kwenye kundi la ukoo, nikaandika: "Alhamdulillah, babu kapatikana."

Jamani, jamani! Nilivyorudi, Ibra pamejaa. Mjomba katoka Sur na wanawe, jamaa wa mji wa Adam wameleta mbuzi. Ikasomwa hitima, ikaliwa halwa, watu wakalia. Picha ikakuzwa, ikatiwa fremu, ikatundikwa kwenye majlisi, chumba cha wageni. Kila asubuhi akishasali, mama anasimama mbele yake. "Shikamoo, baba." Mimi nasifiwa mtoto mwema, nainamisha macho kama mcha Mungu!

Ikafika Idi. Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, daktari aliyesoma Ulaya, akasimama na kikombe chake cha kahawa anaitazama picha.

"Shemeji, mbona hiki Kiebrania?"

"Ni maandishi ya zamani hayo," nikamwambia. "Kunywa kahawa."

Hakunywa. Akatoa simu, akaielekeza ukutani, simu ikatafsiri, naye akasoma kwa sauti. "Rebeka, binti Ezekieli, mke mwema."

Majlisi nzima ikafa kwa kicheko. Mjomba wa Sur kahawa ilimtoka puani. "Ndiyo maana hakurudi Unguja! Kaolewa!"

Mama hakucheka. "Ulimwona baba au hukumwona?"

"Sikumwona, mama."

"Sasa mimi miezi yote hii namwamkia nani?"

Nikainuka niiondoe ile picha. Akanizuia. "Iache. Usimfukuze mtoto wa watu mbele ya wageni."

Likizo ya kwanza niliyopata nikarudi Bombei, mume wangu akichechemea nyuma yangu. Nikaanza kwa Rebeka. Bawabu alinikumbuka, mkono hakunipa. Vijiwe alikwishavirudisha mwenyewe, siku ileile. Nikamtaka radhi yeye, nikamtaka radhi na Rebeka. Ndipo akatupeleka makaburi ya Waislamu. Dakika kumi kwa miguu. Dakika kumi!

Karani akafungua daftari kuukuu, jina la babu likatoka, na jina la baba yake, na Unguja imeandikwa. Nilipiga ukelele! Karani akalifunga daftari taratibu.

"Upande ule ulijaa," akasema. "Baada ya mvua za mwaka huu tumeondoa mawe yasiyo na wenyewe. Wamezikwa watu wapya."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana jiwe lake lilikuwepo."

Nikampigia mama palepale. Nikamwambia yote, hata zile dakika kumi. Akasema, "Mpe mumeo simu."

Nikampa.

"Kweli, mama," mume wangu akamwambia. "Nimesimama na mwanao hapa. Ni kweli."

Ndipo nikamsikia mama analia. Alingoja aambiwe na mtu mwingine.

Mama bado ananipenda, msidhani. Ananiwekea chakula, ananiombea dua. Lakini nikimwambia Nizwa kunanyesha, anampigia jirani yangu kuuliza.

Nyinyi mnaotumwa na wazee wenu, nendeni! Mkichoka, semeni mmechoka. Mkipotea, semeni mmepotea. Atakununia mzee siku mbili, tatu, kisha atakutuma tena. Mimi situmwi tena.