Shefu wa Iwacu

Nilikuwa shefu, yaani kiongozi, wa mudugudu wetu kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na marehemu mume wangu, na kusema kweli, mume wangu alinishukuru mara nyingi zaidi. Mudugudu wenyewe ni nyumba zilizobanana mlimani juu ya barabara ya mpakani, watu wanaojuana mpaka harufu ya mboga ya kila mmoja. Shefu hana mshahara. Ana simu inayolia akiwa ameshika mwiko, ana mbuzi wa fulani aliyeingia kwenye maharage ya fulani, ana bwana aliyelewa akasahau mlango wake ni upi. Mimi nauza sambaza, vile visamaki vya ziwani, soko la Kamembe. Mara ngapi nimeacha beseni la sambaza mbichi likashambuliwa na nzi, kwa sababu wawili wanagombania mpaka wa shamba lisilozidi upana wa mkeka!

Walinichagua kwa sababu nilikuwa na mdomo. Baba na mama ni Wanyarwanda, lakini mimi nilizaliwa na kukulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, na Bukavu usipokuwa na mdomo hata maji ya bomba huteki. Tuliporudi huku Rwanda nilikuwa mama mzima, na Kinyarwanda changu kilikuwa kimevaa nguo za Kiswahili. Wakanicheka kidogo, nami nikajicheka, halafu wakazoea kuniita Maman Shefu. Nilifurahi sana. Kule tulikuwa tunaitwa Wanyarwanda tangu shule ya msingi, na haikuwa sifa. Nikasema haya, sasa nimefika kwa wenye jina lao.

Kazi niliifanya, sitajifanya mnyenyekevu. Jirani yangu, ambaye tunatumia ukuta mmoja, uchungu wa uzazi ulimshika mchana mvua inamwagika, mume wake yuko kisiwani Nkombo kwa mambo ya uvuvi. Nilitafuta watu wa kumbeba kwa machela mpaka barabarani, mimi mbele na mwavuli usiofaa kitu, na mtoto akazaliwa mzima. Mtoto huyo ananiita bibi. Kuna na fundi mwashi wa nyumba ya chini. Huyo nilimwambia abomoe jiko alilolisogeza mpaka njiani. Akabomoa, huku ananitazama kama mtu anayeweka akiba.

Basi. Ilikuwa siku ya umuganda, ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunapotoka wote na majembe kufanya kazi ya mudugudu. Mvua ilikuwa imebomoa mfereji wa juu. Watu walikuja wamechelewa, wengine mikono mfukoni, na kazi ilipoisha tukakaa kwenye majani kufanya mkutano. Nilikuwa na matope mpaka magotini na hasira mpaka shingoni. Nikawaambia kwa Kinyarwanda kwamba iwacu, mfereji ukibomoka, vijana wanatoka wenyewe na majembe bila kungoja kuitwa. Iwacu maana yake kwetu. Na kwetu niliyokuwa naisema ni ule mtaa wa Bukavu nilikokulia. Ulimi ulikwenda wenyewe. Sisi wote tuliotoka kule tuna ugonjwa huo: tukiwa kule, kwetu ni Rwanda, tukifika huku, kwetu inahamia Bukavu.

Fundi alikuwa anakwangua tope kwenye jembe lake kwa kijiti. Hakunitazama hata.

"Kama iwanyu ni kuzuri hivyo, shefu," akasema, "huku unatafuta nini?"

Iwanyu maana yake kwenu. Watu wakacheka. Jirani yangu naye alicheka, mkono mdomoni. Nilijibu kitu, kirefu, na hakikusaidia. Kuanzia hapo nikawa Shefu wa Iwacu. Nikimkataza mtu kumwaga takataka mferejini, ananiuliza kama iwacu inaruhusiwa. Nikipita kwenye bomba, wamama wananiuliza iwacu wameamkaje. Nikadhani ni utani, utachoka wenyewe. Lakini uchaguzi ulikuwa unakaribia, na nilitaka wanichague tena. Nieleweke hapa: si kwa ajili ya cheo. Cheo gani hakina hata kiti? Nilitaka wasimame nyuma yangu, mchana kweupe, kila mtu aone kwamba mimi ni mtu wa pale.

Maana shefu wa mudugudu hachaguliwi kwa karatasi. Wagombea wanasimama mbele, na kila mtu anakwenda kupanga mstari nyuma ya anayemtaka. Siku ile tulikuwa wawili, mimi na fundi, tumetazama mlima, migongo kwa watu, tusije tukawatisha kwa macho. Huoni kitu. Unasikia tu. Jirani yangu ana kandambili ya kushoto iliyokatika, ameishona na uzi wa nailoni, na inaburuta. Naijua kuliko mlio wa mlango wangu. Ilikuja mpaka nyuma yangu, ikasimama, moyo wangu ukatulia. Halafu ikaburuta tena, ikaenda kwa fundi.

Tulipoambiwa tugeuke, nyuma yangu palikuwa na wazee wachache na dada mmoja tunayesali naye. Mstari wa fundi ulipinda mpaka kwenye migomba. Jirani alikuwa ameinamia kichwa cha mtoto wake, anamtafutia chawa ambaye hayupo. Nilipiga makofi kama inavyotakiwa. Iliniuma, na bado inaniuma, na anayeniambia siasa ndivyo ilivyo, aje kwanza tushinde naye kwenye mfereji.

Juzi fundi alikuja mlangoni, na adabu zote, ananiita Maman. Mama mmoja wa Bukavu anayetembeza vitenge alikuwa amezuiwa pale chini, na beseni lake la biashara limeshikwa. Jirani yangu alinunua kwake kitenge, akakifua, rangi yote ikabaki kwenye maji. Sasa wanapigiana kelele, na huyo mama hataki kusikia mtu.

"Wewe utamweza," fundi akasema. "Ni mtu wa iwanyu."

Nilitaka kumfungia mlango usoni. Nikavaa viatu nikaenda. Nilimkuta yule mama amejishika kiuno, jirani yangu upande wa pili na kitenge kilichogeuka rangi ya majivu. Hatukusalimiana na jirani. Nilizungumza na mgeni kwa Kiswahili cha kwetu, cha Bukavu, taratibu, kama mtu na dada yake, mpaka akashusha sauti. Mwishowe akakubali kutoa kitenge kingine, wakamrudishia beseni. Jirani akakichukua kipya, akakinusa, akaondoka anaburuta kandambili.

Nikainama kumsaidia yule mama kujitwika. Akanishika mkono.

"Aksanti, Maman," akaniambia. "Wewe uko na roho muzuri. Lakini huku kwenu munatutesa sana."

Fundi anasikia Kiswahili vizuri tu. Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mimi nikamwekea yule mama beseni vizuri kichwani, nikamwonyesha njia fupi ya kuteremka mpakani, arudi kwao.