Punje Mbili za Buni Moja

Tuk. Kimya. Tuk tena. Fimbo ilikuwa ikigonga udongo wa njia ya migombani, na ukungu wa asubuhi ulikuwa umekifunika kijiji chetu chote cha Ndama, hata sikuweza kumwona aliyeishika. Mama aliinua kichwa jikoni.

"Ni yeye," alisema. "Mungu ashukuriwe."

Tulikuwa tumemzika kaka yangu, mtoto wa kiume pekee wa baba, na tangu turudi kutoka kaburini baba hakuwa ametia kitu kinywani. Baba alikuwa mwinjilisti. Kwa miaka mingi aliwaambia waliofiwa kwamba anayeamini ufufuo hana sababu ya machozi. Sasa aliketi juu ya nyasi zilizotandazwa sakafuni, macho makavu, akilitii neno lake mwenyewe. Wazee wa usharika walikuja wakamsifu. "Mwalimu, umetuonyesha imani," walisema. Mama aliwasikiliza kwa heshima, kisha akaninong'oneza nyuma ya nyumba, "Imani hiyo itaniacha mjane."

Mwenye fimbo alikuwa mfugaji kutoka mbugani, upande wa Nyakakika. Ujanani yeye na baba walichanjiana udugu kwa desturi yetu: walipasua tunda moja la buni, kila mmoja akapaka punje moja damu ya kitovuni mwake, wakabadilishana, wakameza. Baba alipobatizwa, kanisa lilisema hayo ni mambo ya giza, naye akaenda kumwambia rafiki yake kwamba kiapo kimekwisha.

"Basi itapike ile punje," rafiki alimjibu, akicheka. Akaendelea kuja kwetu kama zamani.

Nilimwamkia. "Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Yuko wapi?"

Hakubisha hodi. Kwetu mlango wa nyumba ya msiba uliachwa wazi usiku na mchana, mpaka mwenye nyumba aufunge kwa mkono wake, kuonyesha kwamba ameanua matanga. Aliingia, akailaza fimbo, akaketi kwenye nyasi karibu na baba, bega kwa bega. Hakutoa pole wala hakuomba. Ukungu ukaondoka, jua likaingia hadi miguuni mwao. Baba ndiye aliyeshindwa kuvumilia.

"Sema neno basi."

"Nina maneno ya ng'ombe tu. Unayataka?"

"Hawajambo?"

"Yule mwekundu amefiwa na ndama. Analia mpaka majirani wananitukana. Nimewaambia mwacheni, huyo hajabatizwa."

Kitu kama kicheko kilimtoka baba, kikakatika njiani. Rafiki yake akatoa mkobani buni moja kavu, akaipasua kwa meno, punje moja akaiweka kwenye kiganja cha baba, nyingine akabaki nayo.

"Haina damu. Wazee wako hawatakuhukumu. Tafuna."

Baba aliitazama sana. Kisha akaitia kinywani, akatafuna, na kabla hajameza kilio kikamtoka, kilio kikubwa, cha kifua kizima, akimwita mwanawe. Rafiki alimshika shingoni akalia naye. Mama, aliyekuwa kizingitini, aliketi pale pale chini, akafunika uso kwa kanga.

Katika Injili ipo habari ya Bwana kulia kaburini kwa rafiki yake, ilhali alijua kwamba atamfufua. Baba alikuwa akiisoma kanisani haraka haraka, kama mtu anayevuka kijito juu ya jiwe lenye utelezi. Tangu msiba ule aliisoma polepole, na pale penye machozi alisimama kidogo. Mimi, kwenye benchi la wasichana, nilikuwa nikisikia tena harufu ya ile buni.

Mchana wa siku ile ya kilio, wawili hao walikula ndizi kwenye jani moja la mgomba. Baba alikula kidogo, lakini alikula, na mama akaenda kuongeza kuni bila kuombwa na mtu. Kisha mfugaji akaokota fimbo yake, maana ng'ombe hawangoji. Baba alimsindikiza hadi kizingitini, akasimama akisikiliza: tuk, kimya, tuk, hadi migomba ikaimeza sauti. Ndipo akaweka kiganja kwenye mlango, akaufunga.