Kiganja Juu ya Jibini

Mume wangu ni fundi wa kuweka vigae, na kila mji tunaofika kikazi, kabla hata ya kuuliza tutalala wapi, huuliza ni nani hapo anayetengeneza jibini. Si ile ya kiwandani iliyofungwa kwenye karatasi inayong'aa. Anataka ya mtu anayegandisha maziwa mwenyewe, akaigeuza jibini kwa mikono yake siku baada ya siku, ikakaa rafuni hadi ikaota gamba. Miaka ishirini tumezunguka hivyo, yeye na nyundo yake ya mpira, mimi na ndoo yangu ya kujazia mistari kati ya vigae, na miji yote ameihifadhi kichwani kwa jibini zake. Ukimtajia mji fulani atakwambia, "Ahaa, kwa yule babu mwenye mbuzi wanne." Mimi mji huohuo nitaukumbuka kwa kuwa tulinyeshewa.

Mapenzi haya yalianza kwa mlio. Kigae kilichowekwa vizuri, ukikigonga, kinatoa sauti nzito, iliyoshiba. Kama gundi haikufika kila mahali chini yake, kinalia kitupu, na siku mtu akiegemeza mguu wa meza hapo kinapasuka. Basi siku moja aliingia kwenye duka kununua maziwa, akamkuta mwenye duka anagonga jibini kwa kifundo cha kidole na kutega sikio, apate kujua kama ndani ni nzima au ina ufa. Mzee wangu alisimama pale kama aliyekutana na ndugu yake wa tumbo moja. Tangu siku hiyo watengeneza jibini wote ni wafanyakazi wenzake, wapende wasipende. Anaingia, anasalimia, anaomba kugonga. Mara moja tulifukuzwa. Mara nyingine zote aliondoka na jambo jipya kichwani, nami nikaondoka na kipande, kwa hiyo sikulalamika sana.

Sikio lake lilikuwa la ajabu, hilo nalisema bila kutia chumvi. Lakini miaka thelathini ya mashine ya kukatia vigae haimwachi mtu hivihivi. Mwaka juzi redio nyumbani ikaanza kufunguliwa sauti mpaka majirani wakajua habari zote bila kuwasha zao. Kisha akawa ananijibu maswali ambayo sikumuuliza. Ukimwambia, anakana katakata. Eti ni sisi tunaonong'ona.

Nikabuni ujanja. Nilipopita nyuma yake kufuta vigae kwa sponji, nilivigonga polepole kwa mpini wa mwiko. Kikilia kitupu, namwambia kimemeguka pembe, hakifai, akibandue. Ananung'unika, anakibandua, anakiweka upya. Tulikwenda hivyo mwaka mzima, mpaka binti yetu alipojifungua nikaenda kukaa naye, na mzee akafanya sakafu moja peke yake. Vigae vitatu vilipasuka kabla ya mwezi kwisha. Mwenye nyumba akamwambia mbele ya watu kwamba amezeeka. Alirudi nyumbani akaning'iniza nyundo ukutani. Alisema ana kazi moja tu aliyokwisha kuiahidi, ukumbi wa chakula wa shule fulani. Mkaguzi akikuta kigae kimoja kitupu humo, basi, anaacha. Fundi asiyesikia kigae, alisema, anabandika tu.

Njiani kwenda kwenye shule hiyo tulishuka katika mji wenye duka la jibini. Hakutaka kuingia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, nikamvuta mkono.

Lilikuwa duka la chumba kimoja chenye baridi, kuta nyeupe, rafu za mbao mpaka darini, na mama mmoja mfupi wa makamo aliyevaa buti nyeupe za mpira, akigeuza jibini moja moja na kuzipangusa kwa kitambaa cha maji ya chumvi. Ukuta kwa ukuta naye palikuwa na karakana ya kuchomelea mageti, na ule mlio wa kusaga vyuma ulitetemesha hata meno. Nilimweleza kwa kupaza sauti kwamba huyu ni fundi wa vigae na anapenda kugonga. Akacheka, akamsogezea jibini kubwa kama beseni. Mzee akagonga, akatega sikio, akagonga tena. Akasema ni nzima.

Yule mama alichukua waya wake wa kukatia, akaipasua ile jibini katikati. Ndani palikuwa na ufa wa kupitisha kidole.

Mzee wangu alitia mikono mfukoni. Akasema masikio yake yamekwisha. Muda wote ule hakuwahi kulitamka nyumbani, na sasa analitamka dukani, kwa mtu asiyemjua.

"Masikio?" alisema yule mama, akionyesha ukuta wa karakana. "Fundi, huyu jirani yangu ana miaka kumi na moja hapa. Unadhani mimi nimewahi kusikia jibini hata moja?"

Akamshika mkono wa kushoto, akaulaza kiganja wazi juu ya jibini nyingine, na kuigonga ubavuni. Jibini nzima, alimweleza, inakurudishia pigo mara moja na kunyamaza. Yenye ufa inatetema kidogo, kama simu iliyozimwa sauti ndani ya mkoba. Akamwambia afumbe macho. Walipitia rafu nzima hivyo, kwa muda wa karibu saa mbili, mimi nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikila ile iliyokatwa. Alikosea tano za kwanza, kisha mbili, kisha hakukosea tena. Wateja wawili walipofika mlangoni, mama aliwaambia wasubiri, fundi anafundishwa. Nimekutana na watu wengi wenye vyeti ukutani, lakini huyo wa buti nyeupe ndiye ninayemvulia kofia.

Ukumbi wa shule ulituchukua siku sita. Mkaguzi hakukuta kitu, nalisema mapema usije ukahangaika. Ila siku moja kabla hajaja, mzee aliniambia niweke mwiko chini nikae mlangoni. Akapiga magoti, kiganja kimoja sakafuni, akaenda akigonga safu kwa safu, akatia alama ya chaki kwenye vigae vinne. Alipotoka kunywa maji sikuweza kujizuia, nikaenda kuvigonga. Vitatu vilikuwa vitupu waziwazi. Cha nne, karibu na dirisha la jikoni, kililia kizima. Nikakigonga mara tatu. Kizima. Nikachovya sponji nifute ile chaki asije akaumbuka.

"Kiache," alisema nyuma yangu.

Aliingiza ncha ya mwiko, akakinyanyua. Gundi ilikuwa imeenea kote, isipokuwa kwenye pembe moja, mahali padogo kama kifuniko cha chupa. Akapaka upya, akakirudisha, akakibonyeza, bila kuniangalia.

"Mwaka mzima umenisingizia pembe zilizomeguka, na hazikumeguka, mama watoto," alisema. "Hiki hakijameguka. Ni kitupu, na nimekipata mwenyewe."

Nilikaa palepale sakafuni nikalia, tena kwa sauti, kwa kuwa nilijua hanisikii vizuri. Aliniwekea kiganja mgongoni, akakiacha hapo mpaka niliponyamaza.